Unataka bastola ya kulenga shabaha? Sahau Ceska kwanza

Julai 2024, siku ile Yusuf Dikeç wa Uturuki aliposhinda medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Paris, kinyozi wetu hapa Kware alisimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja. Simu ilikuwa inapitishwa mkono kwa mkono. Mzee wa miaka 51, tishati ya kawaida, miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, mwingine umenyooka na bastola. Kufikia jioni vijana kibao kuanzia Pipeline hadi Kwa Njenga walikuwa wamejipiga picha mkono mfukoni.

Kisha ubishi ukaanza. "Ile ni Ceska?" Kwetu kila bastola ni Ceska, kwa sababu ndiyo tunayoisikia kwenye taarifa za polisi kila wiki. Au ni mguu wa kuku, kama mwenye nayo si askari. Hakuna aliyejua kwamba bastola ya Dikeç haina baruti hata chembe. Ni bastola ya hewa. Inasukuma kijipande cha madini ya risasi, wenyewe wanakiita peleti, chenye kipenyo cha milimita 4.5. Anasimama mita 10 kutoka kwa shabaha, na ile duara ya kumi anayoitafuta ina upana wa milimita 11.5. Kama kifungo cha shati. Kwenye mchujo wa mchezaji mmoja mmoja unapiga mara 60, kwa mkono mmoja.

Mimi ndiye niliyetekwa. Wenzangu walirudi kwa mpira, mimi nikabaki nasoma kuhusu triga na mitutu hadi saa nane usiku, na swali langu lilikuwa lile lile la kila anayeanza: ninunue gani, ya risasi gani?

Jirani yangu wa ploti, mama mmoja ambaye amenijua tangu nikiwa na kamasi, alinikuta kwenye korido nimenyoosha mkono ukutani na kipande cha mbao. Alikishika akakivunja kwa goti. "Kijana wangu, hapa ukionekana na bonoko, nani ataulizwa kama ilikuwa ya mchezo?" Asiyejua mtaa, bonoko ni bunduki bandia, ile ambayo vijana wa Eastlands husema inaweza kuokotwa kando ya maiti yako bila wewe kuwahi kuishika. Sikumjibu. Nilichukua vipande nikaenda kuvitupa.

Hiyo ndiyo tofauti ya kuuliza swali hili ukiwa Kware na kuliuliza ukiwa Karen. Kule ni swali la pesa na ladha. Huku, kabla hujafika kwa kipenyo cha risasi, lazima ujue hicho chombo kitalala wapi na kitapita njia gani. Jibu langu ni moja na sibadilishi: kisilale mtaani. Piga ya klabu, uiache klabu.

Baadaye jamaa wa ukoo mwenye leseni alinipeleka uwanja mmoja nje ya jiji. Nilitaka 9mm, si ndiyo ya sinema? Akanipa. Risasi ya kwanza nilifumba macho. Ya pili nikafumba kabla haijalia. Mashimo yangu yote yalikwenda chini kushoto, mengine hayakugusa karatasi kabisa. Mwalimu hakucheka. Aliweka magazini yenye risasi halisi zilizochanganywa na za bandia zisizo na baruti, bila kuniambia ipi iko wapi. Ilipofika ya bandia, nikavuta triga, hakuna mlio, na mtutu ukainama wenyewe kama mtu anayesalimia wazee. Hapo ndipo nilijiona. Bastola ilikuwa sawa. Mkono wangu ulikuwa unaogopa teke kabla halijapigwa.

Akanipa ya .22. Hii ni risasi nyembamba, milimita 5.6, ambayo teke lake ni kama kusukumwa bega na mtoto. Kufikia magazini ya tatu mashimo yalikuwa yameanza kukaa pamoja. Si kwamba nimekuwa hodari ghafla, ni kwamba sikuwa na kitu cha kuogopa, kwa hivyo niliweza kuangalia kilengeo cha mbele na kuvuta triga polepole.

Kwa hivyo, ukiniuliza leo, anza na risasi ndiyo uje kwa bastola. Na anza na ndogo. Ya hewa ndiyo bora kwa mwanafunzi: kopo moja la peleti kwa kawaida lina 500, hakuna kelele ya kukutia woga, na kosa lako linaonekana wazi, maana peleti inachelewa kutoka mtutuni, na ukitikisika tu inakuumbua. .22 inafuata, nayo ndiyo risasi ya mashindano ya bastola ya mita 25 kwenye Olimpiki. Kumbuka bei ya bastola unalipa mara moja, ya risasi unalipa kila Jumamosi, na .22 ni nafuu kuliko 9mm. Ukiwa wa kuhesabu fare ya kutoka Kware hadi tao, hilo si jambo dogo.

Kwenye bastola yenyewe, usidanganywe na sura. Shika, funga macho, nyoosha mkono, fungua macho. Kama vilengeo viko sawa bila wewe kukunja kifundo cha mkono, mpini umekukubali. Zile za Olimpiki zina mpini wa mbao unaochongwa kufuata kiganja, ndiyo maana zinafanana na kiatu cha daktari. Kisha triga. Sheria za ISSF, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinataka triga ya bastola ya hewa isiwe nyepesi kuliko gramu 500, ile ya mita 25 gramu 1,000. Triga nzuri haikushtui, haina mchanga ndani, inakatika sehemu ile ile kila mara. Mimi ningeichagua bastola iliyochakaa nje yenye triga safi kabla ya inayong'aa yenye triga ya kukwaruza.

Najua wengi wenu hamtaki kusimama kama sanamu. Mnataka ile ya kukimbia, kujificha nyuma ya ukuta, kubadilisha magazini mbio. Ipo. IDPA na IPSC ndio wanaoiandaa duniani, na hapa Kenya mashindano ya IDPA yamefanyika kwenye uwanja wa Kirigiti, Kiambu. Unapanda mathree ya 100, si mbali hivyo. Huko .22 haikubaliki, na 9mm ndiyo mfalme. Sababu yake ni hesabu. Wanachukua uzito wa risasi kwa greni, wanazidisha na mwendo wake wa futi kwa sekunde, wanagawa kwa 1,000, na jibu lazima lifike 125. Risasi ya 9mm ya greni 124 ikitoka kwa futi 1,050 inakupa 130. Umepita, bila kubeba mzigo wa ziada.

Na wale wanaosema .45 au .40 ndizo za wanaume? Kwenye daraja la Production la IPSC, kila mtu anahesabiwa kama mwenye risasi nyepesi, hata uje na kanoni. Kwenye madaraja ambayo nguvu inalipwa, katikati ni pointi 5 kwa wote. Mwenye risasi nzito anaongezewa kidogo pale anapokosa katikati. Yaani unanunua teke ili makosa yako yalipwe vizuri zaidi. Kwa mtu anayeanza, huo ni wazimu.

Cha kuchekesha ni kwamba hapa Ceska inarudi mlangoni. Kiwanda kile kile cha Wacheki kinatengeneza CZ Shadow 2, mojawapo ya bastola zinazopendwa sana kwenye Production. Ina uzito wa zaidi ya kilo 1.3 na imejaa chuma. Uzito huo ndio siri: risasi ile ile ya 9mm ambayo kwenye Glock 17 nyepesi inakurusha kiganja, humu inameza teke lake yenyewe. Nzuri kushindania, mateso kubeba kiunoni siku nzima. Bastola ya kujilinda na bastola ya mchezo si kitu kimoja, na anayekuuzia moja kwa jina la nyingine anakula doo zako.

Sheria sasa. Kenya hununui halafu ukatafute karatasi. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti kinatangulia, na cheti hicho kinataja silaha gani na risasi ngapi unazoruhusiwa. Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha itataka sababu, na "nilimwona Mturuki" haitoshi. Desemba 2018 waziri Fred Matiang'i aliwarudisha hata waliokuwa na leseni tayari wakahakikiwe upya. Kama hao waliitwa, wewe wa Kware usifikirie utapita kwa tabasamu. Jiunge na klabu kwanza, waombe wakuandikie historia yako ya mazoezi. Inachukua muda na inauma mfukoni, na sioni haki yoyote hapo, lakini ndiyo njia.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mlango mwingine nao umefungwa. Kulenga shabaha hakukuwemo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham 2022, na hakumo kwenye ratiba ya Glasgow 2026. Kwa nchi kama yetu, hiyo ingekuwa ngazi ya karibu kabla ya Olimpiki.

Mimi bado sina bastola. Nina pakiti ya unga ya kilo moja, karibu sawa na bastola ya hewa ya mashindano. Kila asubuhi nanyoosha mkono nayo nikiangalia alama ya kalamu ukutani, sekunde 30, napumzika, narudia mara 20. Wiki ya kwanza bega lilikataa hata kupiga mswaki. Jirani amenikuta tena kwenye korido, akaniangalia kwa muda mrefu, akauliza kama huo unga nitausonga lini.