Coimbra: mji wa popo, majoho na vitabu

Kila jioni, mgeni wa mwisho akishatoka, wafanyakazi wa Maktaba ya Joanina hutandika ngozi juu ya meza zote. Si kwa sababu ya vumbi. Nyuma ya makabati yake, yaliyojaa vitabu vya karne ya 16 hadi ya 18, wanaishi popo. Giza likiingia hutoka kuwinda nondo na kila kidudu kinachopenda karatasi na gundi. Asubuhi ngozi huondolewa, kinyesi kikasafishwa, sakafu ikafagiliwa, ndipo milango ikafunguliwa tena. Hakuna anayewafukuza popo hao. Wameajiriwa bila mshahara.

Mimi ni mkutubi. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia kulinda vitabu vya shule mjini Mombasa, mahali ambapo unyevu wa bahari hukunja majalada na mchwa hawajui adabu. Kwa hiyo nilipokwenda Ureno kumtembelea mtoto wa kaka yangu anayesoma Coimbra, jamaa waliniagiza manukato na viatu. Mimi nilichouliza kwanza ni saa za kufunguliwa kwa maktaba.

Coimbra iko kati ya Lisbon na Porto, juu ya kilima kando ya mto Mondego. Kutoka Lisbon ni kama saa mbili kwa treni ya kasi, na kutoka Porto ni saa moja na kitu. Warumi waliuita mji huu Aeminium. Baadaye ukawa chini ya watawala Waislamu, hadi mwaka 1064 ulipotekwa na Mfalme Ferdinand wa León. Ngome ya watawala hao Waislamu kileleni ndiyo iliyogeuzwa kuwa kasri la wafalme wa kwanza wa Ureno, na Afonso Henriques, wa kwanza wao wote, amezikwa katika kanisa la Santa Cruz, chini ya kilima hichohicho.

Chuo kikuu kilianzishwa na Mfalme Dinis mwaka 1290, lakini Lisbon. Kwa zaidi ya miaka 200 kilihamishwa mara huku mara kule kati ya miji hiyo miwili, hadi Mfalme João wa Tatu alipokituliza Coimbra mwaka 1537. Masomo yakaingia ndani ya kasri lenyewe, na mwaka 1597 chuo kikalinunua kabisa. Ndiyo maana anayezuru Coimbra leo hapandi kwenda kuona chuo kilichojengwa pembeni ya mji. Anapanda kwenda nyumbani kwa mfalme, akakuta wanafunzi.

Na kupanda ni kupanda kweli. Unapita chini ya lango la Almedina, lililobaki katika kuta za kale, kisha unaanza ngazi za Quebra-Costas, jina ambalo ni onyo kwa wenye migongo mibovu. Mawe yamesuguliwa na nyayo za karne nyingi hadi yanateleza hata siku kavu. Nilikuwa nimevaa kandambili nzuri. Mtoto wa kaka yangu akaziangalia, akaniangalia mimi, akanipa mkono. Katikati ya mteremko limesimama Sé Velha, kanisa kuu la karne ya 12, lenye kuta nzito na vijidirisha vyembamba kama ngome ya vita. Juu zaidi ni jumba la makumbusho la Machado de Castro. Usiliruke, kwa kuwa chini ya sakafu yake kuna vichochoro vya mawe walivyojenga Warumi ili kuweka sawa uwanja wa mji wao, na bado unaweza kutembea ndani yake.

Ukifika kileleni, jiandae kwa mshtuko. Badala ya nyumba za kale, unakutana na majengo makubwa ya kijivu yenye pembe kali. Hayo ni ya António de Oliveira Salazar, aliyekuwa profesa hapahapa kabla ya kuitawala Ureno kwa mkono wa chuma kuanzia 1932 hadi 1968. Kuanzia miaka ya 1940 serikali yake ilibomoa sehemu kubwa ya mji wa juu, ikawahamisha wakazi, ili ijenge vitivo vipya. UNESCO ilikitia chuo hiki pamoja na mji wa juu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2013, lakini mgeni asidhani kwamba urithi huo umefika salama wote.

Ukivuka lango la Porta Férrea unaingia ua wa kasri, na mbele yako mto Mondego unaonekana chini kabisa. Pembeni kuna mnara wenye kengele ambayo wanafunzi waliibandika jina la Mbuzi, kwa jinsi walivyoichukia ilipowaita darasani. Ukumbi uliokuwa wa kiti cha enzi sasa ndimo wanafunzi wanamotetea tasnifu za uzamivu, picha za wafalme zikiwatazama kutoka ukutani. Nilimwonea huruma mtu anayeulizwa maswali magumu mbele ya nyuso zile.

Maktaba nayo huingiwa kwa zamu. Tiketi yako ina saa yake. Ukichelewa, ni shauri yako. Wageni hupita kwanza chini, kwenye gereza la wanafunzi. Hadi 1834 chuo kilikuwa na sheria zake na mahakama yake, kikiwafunga watu wake chenyewe. Vyumba ni vya mawe, vidogo, vya baridi. Kisha unapanda ngazi, unaingia ukumbini, na unasahau kupumua.

Ni kumbi tatu zinazofuatana, zimeunganishwa kwa matao, na mwisho wake imetundikwa picha ya João wa Tano, mfalme aliyeijenga maktaba. Makabati yamepanda hadi karibu na dari, yamepakwa kijani, nyekundu na nyeusi, na juu ya rangi hizo mafundi wamechora kwa dhahabu watu, ndege na majumba ya mtindo wa Kichina. Wageni wenzangu waliinua shingo kutazama dari. Mimi niliinama kutazama ngazi za kupandia vitabuni. Zimefichwa ndani ya makabati yenyewe. Unaivuta inatoka, ukimaliza unairudisha, na hakuna anayejua kwamba ilikuwapo. Kwa mtu aliyepanda viti vibovu maisha yake yote kufuata kamusi rafu ya juu, hilo lilikuwa ajabu kuliko dhahabu.

Akili ya jengo hili iko mahali pasipong'aa. Kuta zina unene unaozidi mita mbili, na mlango ni wa msaji, ili joto na unyevu wa ndani visibadilike ovyo. Mbao za rafu ni za mwaloni, mti mgumu ambao wadudu hawaupendi kutoboa. Wadudu wanaopona hapo wanawakuta popo. Nilimwuliza mlinzi kama popo huonekana mchana. Akatabasamu, akaniambia nirudi magharibi ikikaribia, siku ya mvua, nisikilize. Vitabu vyenyewe si mapambo tu: mtafiti mwenye sababu ya kueleweka anaweza kuomba kimoja na kukisoma katika jengo la maktaba kuu.

Lakini Mmombasa hawezi kusimama pale bila kupiga hesabu ya miaka. Mwaka 1698 Waomani waliwatoa Wareno Fort Jesus baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mwaka 1717, miaka 19 tu baadaye, Wareno haohao wakaanza kujenga maktaba hii. Fedha zilitoka wapi? Zilitoka Brazil, ambako dhahabu ya Minas Gerais ilichimbwa na watumwa, wengi wao wakiwa Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo. Kila mchoro wa dhahabu katika makabati yale una jasho lao. Wanaokuongoza hukuambia habari za mfalme; habari za wachimbaji uziulize mwenyewe.

Maktaba ilikamilika mwaka 1728. Mwaka huohuo Wareno waliirudia Mombasa, wakaikalia kwa muda mfupi, na mwaka 1729 wakatimuliwa tena. Na ni mwaka huohuo wa 1728 unaotajwa kuwa ndio ulioandikiwa Utendi wa Tambuka huko Pate, mojawapo ya maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yanayojulikana. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba wakati Coimbra ikipanga vitabu, sisi hatukuwa na kalamu. Tofauti ni kwamba vitabu vya Coimbra vingali Coimbra. Nakala za kale za utendi wetu zimehifadhiwa Ulaya.

Ukitoka maktabani, utaona kwamba mji huu haulindwi na mawe peke yake. Nilifika Oktoba, wanafunzi wamerudi, na mitaa imejaa vijana wenye suti nyeusi na majoho meusi yanayofika chini. Joho la Coimbra halibaki zima. Ndugu, marafiki na wapenzi hulichana pindo kama kumbukumbu, hivyo joho lililochanikachanika ni la mtu anayependwa. Kila kitivo kina rangi yake ya utepe: njano ya udaktari, nyekundu ya sheria. Mwezi Mei, katika sherehe ya Queima das Fitas, wanaohitimu huchoma tepe zao na kuaga ujana.

Wapo pia wanaoishi katika república, nyumba za wanafunzi zinazojiendesha zenyewe. Wakazi huchangia chakula, hupigia kura mambo yao, na ndio wanaoamua nani apokewe. Utazitambua kwa bendera na maandishi ya kejeli kwenye kuta.

Usiku mmoja tulikwenda kusikiliza fado. Fado ya Coimbra kwa desturi huimbwa na wanaume, wamejifunika majoho, pamoja na gitaa la Kireno lenye nyuzi 12. Wimbo wa kwanza ulipokwisha niliinua mikono.

“Shangazi, usipige makofi,” kijana akaninong'oneza. “Hapa watu hukohoa.”

Na kweli, ukumbi mzima ukasafisha koo. Nami nikakohoa kwa heshima zote.

Mmoja wa waliotoka katika uimbaji huo ni José Afonso, aliyesoma Coimbra kisha akafundisha Msumbiji katika miaka ya 1960. Wimbo wake ndio uliopigwa redioni usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 1974, ukiwa ishara kwa wanajeshi walioangusha utawala wa kidikteta. Miaka mitano kabla, tarehe 17 Aprili 1969, Rais Américo Tomás alipokuja kufungua jengo la hisabati, kiongozi wa wanafunzi Alberto Martins alisimama akaomba kuzungumza. Alinyimwa, na usiku akakamatwa. Wanafunzi wakasusia madarasa na mitihani. Wengi wakaingizwa jeshini kwa nguvu, wakati Ureno ikipigana Angola, Guinea-Bissau na, huko Msumbiji, dhidi ya FRELIMO, chama kilichozaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Agostinho Neto, rais wa kwanza wa Angola, naye alisomea udaktari Coimbra kabla ya kuhamia Lisbon. Chuo kilichomlea Salazar kilisaidia kuwalea waliompinga.

Kwa anayetaka kwenda: viza ni ya Schengen, na uiombe mapema. Treni kubwa husimama Coimbra-B, nje kidogo ya katikati ya mji. Tiketi ya maktaba inunuliwe kabla ya kufika, hasa kiangazi, na viatu viwe vya mpira. Asiyetumia pombe aulize kabla ya kuagiza chanfana, nyama ya mbuzi inayopikwa kwa mvinyo. Samaki wa kuchoma hawamwangushi mtu. Kahawa kanywe katika mkahawa wa Café Santa Cruz, uliofunguliwa mwaka 1923 ndani ya jengo lililokuwa kanisa.

Nami kama mkutubi nina ombi moja kwa msomaji wa pwani na wa bara. Coimbra haikuhifadhi vitabu vyake kwa dhahabu, maana dhahabu hailindi karatasi. Imevihifadhi kwa ngozi inayotandikwa kila jioni na ufagio unaopita kila asubuhi. Kazi hiyo haimshindi yeyote. Kama nyumbani kwenu kuna sanduku lenye barua za babu, tenzi za bibi au hati zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, lifungueni leo. Panguseni vumbi, toeni karatasi penye unyevu, zipigeni picha, andikeni zilikuwa za nani. Msipoweza kuzitunza, zipelekeni makumbusho yaliyo karibu, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kina mkusanyiko mkubwa wa miswada ya Kiswahili. Mchwa hawasubiri mkutano wa ukoo.