Hija ya Roma kwa Awamu: Anza Pale Ulipoachia

Mwaka 990 Sigeric, Askofu Mkuu mpya wa Canterbury, alifunga safari kwenda Roma kupokea palio, ule ukanda wa sufu ambao askofu mkuu huvishwa mabegani kuwa alama ya mamlaka yake. Akiwa Roma alizuru makanisa 23 na kula chakula na Papa Yohane XV. Wakati wa kurudi, msafara wake uliacha orodha ya mahali walipopumzika, kuanzia Roma hadi pwani ya Ufaransa inayotazamana na Uingereza. Vituo vinakaribia 80. Hakuna sifa za milima, hakuna tafakari, hakuna hata neno moja la kulalamikia miguu. Ni majina na namba tu. Orodha hiyo imehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza jijini London, na ndiyo iliyowasaidia watafiti wa karne ya 20 kuichora upya njia inayoitwa Via Francigena. Mwaka 1994 Baraza la Ulaya liliitambua rasmi kuwa njia ya utamaduni.

Njia hiyo leo ina urefu wa takriban kilomita 2,000. Inaanzia Kanisa Kuu la Canterbury, inavuka bahari kati ya Dover na Calais, inaikata Ufaransa kupitia Arras, Reims na Besançon, inapita Lausanne, inapanda Alpi, kisha inateremka Italia hadi Roma, kwenye kaburi la Mtume Petro. Mtu mwenye afya anayetembea kilomita 20 hadi 25 kwa siku anahitaji kama miezi 3. Wenye miezi 3 ni wachache. Wengi wana wiki mbili za likizo: wanatembea, wanarudi kazini, mwaka unaofuata wanaendelea. Na swali lao karibu wote ni lile lile: hija iliyokatwakatwa hivi bado ni hija?

Nawajibu kwamba ni hija kamili, kwa sharti moja: urudi pale pale ulipoachia.

Wanaoitilia shaka hija ya awamu husema wazee wetu wa imani walitembea mfululizo. Ni kweli, ila si ukweli wote. Mhujaji wa Zama za Kati hakuwa na treni ya kumrudisha kwao; alipofika Roma alikuwa amemaliza nusu tu ya mwendo. Lakini Kanisa la zama hizo hizo halikumfunga mtu kwenye namna moja. Wenye uwezo walipanda farasi. Wapo walioacha wosia kwamba mtu alipwe akahiji kwa niaba yao wakishakufa. Aliyeweka nadhiri ya safari ndefu akashindwa kwa ugonjwa au uzee aliweza kubadilishiwa nadhiri hiyo kwa tendo jingine la toba. Ukiyaweka hayo mezani, mtu anayeikanyaga njia yote kwa miguu yake mwenyewe, hata ikimchukua miaka 7, hana cha kuomba radhi.

Ila sharti lile nalishikilia kwa nguvu. Ukiishia Pavia mwaka huu, mwakani unaanzia Pavia. Huendi kuanzia Lucca kwa kuwa picha za Toscana zimekuvutia. Kati ya Vercelli na Pavia kuna siku kadhaa za tambarare tupu: mashamba ya mpunga, mifereji, mbu, jua lisilo na mti wa kulikinga. Ndiyo sehemu ambayo watu wengi huiruka, na mimi huwasihi wasiiruke. Anayesali rozari haruki punje kumi kwa sababu zimemchosha. Mtu akichagua vipande vitamu tu amefanya utalii mzuri, na utalii si dhambi, lakini hija ni kukubali kuongozwa na njia ambayo hukuipanga wewe. Tambarare ya mpunga ndiyo inayokufundisha hivyo, kwa sababu haina lolote la kukupa isipokuwa hatua inayofuata.

Ushahidi wa uaminifu huo unakaa kwenye hati ya mhujaji. Ni karatasi ngumu iliyokunjwa kama feni, yenye miraba mitupu inayosubiri mihuri. Unagongewa parokiani, kwa masista, kwenye nyumba za mahujaji, hata mgahawani, na kando ya kila muhuri inaandikwa tarehe. Hati ya mtu wa awamu ina kitu ambacho hati nyingine hazina: mji mmoja mara mbili. Muhuri wa Pavia wa Septemba, na pembeni yake Pavia tena, Aprili ya mwaka uliofuata, wino wa kwanza umeshafifia na wa pili bado mweusi. Mihuri hiyo miwili ndiyo kiungo cha hija yako. Gongesha muhuri siku ya kuondoka na siku ya kurudi, hata kama mhudumu atashangaa.

Sasa nije kwenye faida ambayo wengi hawaifikirii. Anayetembea kwa awamu anaweza kuipa kila sehemu majira yake. Anayekwenda mfululizo hana uhuru huo, kwa maana safari yake yote inatawaliwa na mahali pamoja: upenyo wa Grand-Saint-Bernard, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, mpakani mwa Uswisi na Italia. Theluji huko hukawia kuyeyuka hadi Juni, na vuli ikiingia inarudi. Kwa hiyo mtu wa mfululizo huvuka kiangazi, halafu anateremka na kulikuta bonde la mto Po likiwaka. Wewe wa awamu unaweza kutenga siku 8 au 9 za Julai au Agosti kwa ajili ya Lausanne hadi Aosta peke yake, kisha tambarare ukaiendea Aprili au mwishoni mwa Septemba.

Awamu hiyo ya milimani, kama ningeambiwa nichague moja kwa mtu mwenye nafasi ya moja tu, ndiyo ningeichagua. Unapita Saint-Maurice, ambako abasia ilianzishwa mwaka 515. Siku ya mwisho ya kupanda unatoka kijiji cha Bourg-Saint-Pierre na kukwea zaidi ya mita 800, miti inakwisha, yanabaki majani mafupi na mawe. Juu kabisa ipo nyumba ya wageni ya Wakanoni wa Mtakatifu Agostino. Asili yake ni Mtakatifu Bernard, shemasi mkuu wa Aosta, katika karne ya 11, na tangu hapo imepokea wasafiri kwa karibu miaka 1,000, kiangazi na baridi. Mlango wake haufungwi kwa ufunguo. Msafiri aliyechelewa kwenye dhoruba hahitaji kumwamsha mtu; anasukuma na kuingia. Wale mbwa wakubwa maarufu wenye jina la mtakatifu huyo walifugwa hapo.

Kuhusu mwili, hapa mtu wa awamu ana hasara, na ni afadhali aijue mapema. Malengelenge hutokana na joto, unyevu na msuguano. Anayetembea mfululizo hukomaa nyayo baada ya wiki moja hivi, akasahau. Wewe unakomaa, unarudi ofisini, ngozi inalainika, mwakani unaanza upya. Kila awamu ina siku zake 3 za kwanza za mateso. Zipangie kilomita 15, usijilinganishe na mtu uliyemkuta njiani akiwa na wiki ya sita. Begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Viatu vianze kuvaliwa nyumbani miezi kadhaa kabla. Ukihisi sehemu ya mguu inapata moto, simama hapo hapo, vua soksi, kausha, funika kwa plasta. Ukisubiri hadi kituo cha mchana umechelewa.

Malizia awamu kwenye mji wenye kituo cha treni, kama Reims, Lausanne, Pavia, Piacenza, Lucca, Siena au Viterbo. Na vizuizi vya njiani uviulizie kabla. Kabla ya Piacenza, Sigeric aliuvuka mto Po karibu na Corte Sant'Andrea, na hadi leo mahujaji huvushwa hapo kwa boti ndogo, lakini lazima uwe umepiga simu kuagiza nafasi.

Msomaji aliyewahi kutembea kwenda hija ya Mashahidi wa Uganda huko Namugongo ataona tofauti. Kule kuna tarehe, 3 Juni, na makundi ya kutoka Uganda yenyewe, Kenya, Tanzania na kwingineko hupimia mwendo kwa siku hiyo. Nguvu yake ni kundi, wimbo na parokia zinazolaza watu njiani. Hutarajiwi kufika nusu ya njia na kusema utamalizia mwakani. Via Francigena haina siku kuu inayokusubiri, na mara nyingi utatembea peke yako. Ukarimu unaukuta mmoja mmoja. Radicofani, mji ulio juu ya kilima kusini mwa Siena, kuna nyumba ya mahujaji ya chama cha Mtakatifu Yakobo ambamo wahudumu huwaosha wageni miguu. Mhudumu anapiga magoti mbele ya mtu asiyemjua, anamimina maji juu ya mguu uliopasuka, anaukausha kwa taulo, anaubusu. Mtu aliyetembea kilomita 30 siku hiyo hana maswali mengi kuhusu Injili ya Alhamisi Kuu.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki, awamu karibu ni lazima. Viza ya muda mfupi ya Schengen haizidi siku 90 katika kila siku 180, na balozi nyingi hutoa siku zile tu ulizothibitisha. Miezi 3 ya kutembea inagusa ukomo huo bila kubakiza siku ya kuugua. Uingereza nayo inahitaji viza yake. Ninachowashauri mahujaji wa kwetu ni kuanzia Siena: takriban kilomita 270, siku 12 au 13, kupitia Radicofani, Bolsena, Viterbo na Sutri. Mwenye nafasi ndogo zaidi aanzie Viterbo, kidogo zaidi ya kilomita 100.

Nanyi mapadre, masista na wanafunzi mnaosoma Roma, Viterbo mnaifikia kwa treni asubuhi na kuanza kutembea siku hiyo hiyo. Agizeni hati wiki kadhaa kabla, tembeeni wakati wa likizo ya Pasaka, gongesheni mihuri kila siku. Aliyetembea angalau kilomita 100 za mwisho hupewa cheti cha hija, Testimonium, pale Basilika la Mtakatifu Petro, na anachotakiwa kuonyesha ni ile hati yenye mihuri.