Istilahi za Kupima Ukubwa wa Figo

Katika robo hii ya mwaka ofisi yetu imeletewa tafsiri mbili za taarifa moja ya hospitali. Taarifa hiyo ilihusu kipimo cha figo za mtu mzima, nayo ilieleza kwa lugha ya kigeni kwamba figo zote mbili ni ndogo: ya kulia ina urefu wa sentimita 8.7 na ya kushoto sentimita 9.0. Mfasiri wa kwanza aliandika, "figo zote mbili ni ndogo". Wa pili aliandika, "figo zote mbili zimesinyaa". Aliyetuletea karatasi hizo ni mtumishi wa serikali ambaye kazi yake ni kupitia maombi ya matibabu. Aliuliza jambo moja tu: ni tafsiri ipi inayostahili kuwekwa katika jalada?

Tumeona vema kulijibu swali hilo hapa badala ya kwa barua, kwa sababu linawahusu pia wafasiri na walimu wengi. Kabla ya kuzungumzia maneno, hatuna budi kueleza kwanza jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kwani istilahi isiyofuata dhana yake huwa ni jina tupu.

Figo, ambayo baadhi ya watu wa pwani huiita pia nso, hupimwa leo kwa njia tatu kubwa. Ya kwanza na iliyoenea zaidi ni ultrasaundi. Kifaa cha mkononi hupitishwa juu ya ngozi iliyopakwa jeli, nacho hupeleka mwilini mawimbi ya sauti yenye mamilioni ya mitetemo kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Mawimbi hayo yanapogonga viungo hurudi kama mwangwi, na mashine huugeuza mwangwi huo kuwa picha. Njia ya pili ni siti-skani, itumiayo miale ya eksirei kuuonyesha mwili vipande kwa vipande. Ya tatu ni MRI, itumiayo nguvu za sumaku. Zamani picha za eksirei za kawaida zilitumika sana, na dawa ilidungwa mshipani ili figo zionekane. Picha hizo ziliikuza figo kidogo kupita ukubwa wake halisi, kwa hiyo vipimo vyake havifai kulinganishwa moja kwa moja na vya ultrasaundi. Mfasiri akikuta taarifa mbili za miaka tofauti, asiache kutaja ni kipimo gani kilichotumika katika kila moja.

Mpimaji wa ultrasaundi huitafuta figo katika mkao unaoionyesha kwa urefu wake wote, kisha huweka alama mbili, moja kwenye ncha ya juu na nyingine kwenye ncha ya chini. Umbali kati ya alama hizo ndio urefu wa figo. Kifaa kikishikwa upande kidogo, picha hukatwa mshazari na figo huonekana fupi kuliko ilivyo. Kwa sababu hiyo mpimaji hurudia mara kadhaa na kuchukua urefu ulio mkubwa kuliko yote.

Je, urefu wa kawaida ni upi? Kwa watu wazima walio wengi ni baina ya sentimita 9 na 12 hivi. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1993, uliofanywa nchini Denmark kwa watu wazima 665 waliojitolea, urefu wa kati ulikuwa sentimita 11.2 kwa figo ya kushoto na 10.9 kwa figo ya kulia. Yafaa tukumbuke kwamba takwimu hizo ni za watu wa nchi hiyo. Ukubwa wa figo hufuata umbo la mwenye figo: mrefu huwa na figo kubwa kuliko mfupi, mwanamume kwa kawaida kuliko mwanamke, na baada ya makamo figo hupungua polepole kwa umri. Sentimita 9 kwa bibi mwenye kimo kifupi zaweza kuwa jambo la kawaida kabisa. Urefu huo huo kwa kijana wa kiume aliye mrefu ungemfanya daktari aulize zaidi.

Sasa tuje kwenye maneno.

Neno "ukubwa" ni pana mno kwa kazi hii. Katika taarifa moja linaweza kusimama badala ya urefu, na katika nyingine badala ya ujazo. Tunapendekeza "ukubwa" libaki kuwa jina la jumla, na kila kipimo kipewe jina lake. Urefu ni kutoka ncha hadi ncha. Upana na unene hupimwa katikati ya figo, kila kimoja kikikatana na chenzake na pia na urefu. Ujazo hupatikana kwa kuzidisha vipimo hivyo vitatu, kisha kuzidisha jibu kwa 0.523, kwa kuwa figo huchukuliwa kuwa na umbo linalokaribia la yai. Figo yenye urefu wa sentimita 11, upana wa 5 na unene wa 4 ina ujazo wa sentimita za ujazo 115 hivi. Mfasiri akikosea na kuandika unene kuwa 5, ujazo unapanda hadi 144. Kosa la tarakimu moja laweza kumwonyesha mgonjwa kama mtu mwingine. Katika ugonjwa wa kurithi unaojaza figo vifuko vya maji, ujazo wa figo zote mbili ni miongoni mwa mambo yanayomsaidia daktari kukadiria mwendo wa ugonjwa, na hapo kosa kama hilo si dogo.

Tunapendekeza pia kutofautisha "unene wa figo" na "unene wa gamba la figo". Gamba ni sehemu ya nje ya nyama ya figo, na unene wake hupimwa peke yake, mara nyingi kwa milimita. Tumekuta tafsiri zilizoyachanganya mambo hayo mawili, hata msomaji akadhani kwamba figo nzima ina unene wa milimita 8.

Tofauti iliyozusha swali la msomaji wetu ni kubwa zaidi. Kiswahili kina maneno mengi ya udogo, na kila moja lina habari yake. "Figo ndogo" hutaja hali inavyoonekana leo, bila kusema imetokeaje. "Figo iliyodumaa" ni ile ambayo tangu awali haikukua ikatimia. "Figo iliyosinyaa" ni ile iliyokuwa kubwa kisha ikapungua, mara nyingi kwa maradhi ya muda mrefu. Kipimo kimoja huonyesha udogo tu. Ili kusema kwamba figo imesinyaa, daktari huhitaji dalili nyingine, au vipimo vya zamani vya kulinganisha. Mfasiri aliyeandika "zimesinyaa" hakufasiri. Amemwekea mgonjwa ugonjwa ambao mwandishi wa taarifa hakuutaja.

Kwa upande wa ukubwa hali ni hiyo hiyo. Mtu aliyetoa figo moja kumpa ndugu yake, jambo lililoanza kufanyika katika hospitali ya taifa ya Muhimbili mwaka 2017, hubaki na figo moja ambayo huongezeka ukubwa ili ifanye kazi ya mbili. Figo hiyo "imekua". Kuiita "iliyovimba" ni kumtia hofu mtu mzima wa afya. Neno "kuvimba" liwekwe kwa maradhi, na pale mkojo unapozuiwa kutoka ukaitanua figo kwa ndani, tuseme "figo iliyotanuka kwa mkojo".

Lipo pia neno "kung'aa". Katika ultrasaundi, figo inayorudisha mwangwi mwingi kuliko ini huonekana nyeupe, na weupe huo waweza kuwa dalili ya ugonjwa. Lakini katika Kiswahili kinachong'aa ni kizuri, na mgonjwa akisomewa kwamba figo zake zinang'aa atarudi nyumbani akishukuru. Hapa tunapendekeza "figo yenye mwangwi mkali".

Mwisho ni neno "kawaida". Taarifa ikisema kwamba ukubwa ni wa kawaida, isifasiriwe kwamba figo ni nzima. Figo za mwenye kisukari, kwa mfano, zaweza kuwa na urefu wa kawaida au hata kuzidi, ilhali kazi yake imekwisha kupungua. Ukubwa hupimwa kwa picha. Kazi ya figo hupimwa kwa damu na mkojo. Tafsiri ilinde mpaka huo kwa kuandika "ukubwa wa figo ni wa kawaida".

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi zifuatazo:

1. Ultrasaundi: kipimo cha picha kitumiacho mwangwi wa mawimbi ya sauti.
2. Urefu wa figo: umbali mkubwa kuliko yote kutoka ncha ya juu hadi ncha ya chini.
3. Ujazo wa figo: urefu, upana na unene vikizidishwa pamoja na 0.523, kwa sentimita za ujazo.
4. Unene wa gamba: unene wa sehemu ya nje ya nyama ya figo.
5. Figo ndogo: yenye vipimo vya chini ya kawaida, bila kutaja sababu.
6. Figo iliyodumaa: isiyokua ikatimia tangu awali.
7. Figo iliyosinyaa: iliyopungua baada ya kuwa kubwa.
8. Figo yenye mwangwi mkali: ionekanayo nyeupe kupita kiasi katika ultrasaundi.

Wasomaji wataona kwamba katika istilahi hizi ni moja tu iliyotoholewa. Nyingine zote zimetoka katika hazina ya Kiswahili chenyewe, ambamo mwangwi na kudumaa yalikuwapo kabla ya mashine hizi kufika kwetu.

Kuhusu jalada lile, jibu letu ni kwamba iwekwe tafsiri ya kwanza. Figo ni ndogo. Kama zimesinyaa au zimedumaa, au ndivyo zilivyo kwa mtu wa kimo kile, hilo aseme daktari. Walimu wa sayansi na watumishi wa hospitali walio na maneno bora kuliko haya watuandikie, ili tuyafikirie kabla istilahi hizi hazijapelekwa kwenye kamati ya usanifishaji.