Majengo ya kale ya Bruxelles

Bruxelles ni mji mkuu wa Ubelgiji. Kila mwaka wageni wengi hufika huko kutazama majengo ya kale. Hupiga picha, halafu hurudi kwao. Lakini jengo la kale si la kutazamwa kwa macho tu. Mwenye akili huuliza: Nani alilijenga? Kwa sababu gani? Kwa mali ya nani?

Tuanze katikati ya mji, penye uwanja uitwao Grand-Place. Hapo pana nyumba ya baraza la mji, yenye mnara wa mawe. Urefu wake ni meta 96. Juu kabisa imewekwa sanamu ya Malaika Mikaeli akimkanyaga shetani. Mnara huo ulimalizika mwaka 1455. Mwaka 1695 askari wa Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, waliupiga mji kwa mizinga. Nyumba nyingi ziliteketea, lakini mnara haukuanguka. Basi waoka mikate, wachinjaji, wapika bia na mafundi wengine, kila watu na chama chao, wakajenga tena nyumba zao kuuzunguka uwanja. Nyumba hizo zingaliko. Ni jasho la wenyeji wenyewe.

Sasa twende upande wa mashariki wa mji. Huko kuna bustani kubwa iitwayo Cinquantenaire, na ndani yake lango la mawe lenye matao matatu. Juu ya lango pana gari la shaba nyeusi, likivutwa na farasi wanne. Mfalme Leopold II alitaka lango hilo liwe ukumbusho wa uhuru wa Ubelgiji, uliopatikana mwaka 1830. Lakini bunge lilikataa kutoa fedha, na kazi ilikwama miaka mingi. Lango lilimalizika mwaka 1905. Watu waliambiwa kwamba ni zawadi ya matajiri fulani. Kumbe fedha ilitoka Kongo!

Tangu mwaka 1885 hata 1908 Kongo ilihesabiwa kuwa mali ya Leopold mwenyewe, ingawa hakuikanyaga hata siku moja. Watu walilazimishwa kwenda mwituni kugema mpira. Asiyeleta kiasi alichoagizwa alipigwa kiboko, au mke wake alifungwa mpaka mpira uletwe. Wengine walikatwa mikono. Watu wengi mno walikufa. Majina yao hayakuandikwa langoni.

Mwaka 2020, Kongo ilipotimiza miaka 60 ya uhuru, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimwandikia barua Rais wa Kongo. Alisema kwamba anasikitika sana kwa ukatili na mateso ya zamani zile.

Lango lingali limesimama, nalo ni zuri. Ustadi wa mafundi waliochonga mawe yake ni kweli. Mateso ya wagema mpira ni kweli vilevile. Atazamaye uzuri peke yake amejua nusu tu ya habari.

Maulizo
1. Nani walijenga tena nyumba za Grand-Place?
2. Fedha ya lango la Cinquantenaire ilitoka wapi?
3. Tafuta jengo la zamani katika mji au kijiji chenu. Uliza wazee: Nani aliagiza lijengwe, na nani alibeba mawe?