PAA SI SAKAFU



Hapa kwetu mpakani, Tororo, Buteba na Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, mapaa makubwa ni mengi: kiwanda cha saruji, magodauni ya nafaka, maduka ya jumla, majengo ya forodha. Mapaa hayo huvuja, gata huziba, na upepo wa masika hung'oa mabati. Kila yanapoharibika, mwenzetu mmoja huitwa na kuambiwa neno moja tu: "Panda!"

Ni juu ya neno hilo tunaandika leo. Ajali ya paa haianzi pale mguu unapoteleza. Huanza pale amri inapotolewa na mtu ambaye hakujiuliza mambo matatu: huyu atakanyaga nini? Akiteleza atashikwa na nini? Akiumia atateremshwa na nani?

NAMNA PAA LINAVYOUA

Wengi wetu hudhani hatari iko ukingoni. Ukingo ni hatari kweli, lakini wapo wanaoanguka katikati ya paa, mahali wanapojiona salama kabisa.

Katika viwanda na magodauni huwekwa mabati ya plastiki hapa na pale ili mwanga uingie. Jua likiyapiga miaka mingi hukauka na kuwa kama biskuti. Yakipakwa rangi, au yakifunikwa na uchafu, huwezi tena kuyatofautisha na bati la chuma. Jirani na viwanda vya saruji mambo ni mabaya zaidi. Vumbi hutanda juu ya paa, mvua ikinyesha vumbi linaganda, na paa zima linakuwa rangi moja. Mfanyakazi aliyetumwa kufagia vumbi hilo hukanyaga asichokiona. Chini yake ni sakafu ya zege au mashine.

Kuna pia mabati ya asbesto. Tororo yenyewe ilikuwa na kiwanda cha kuyatengeneza, na yapo majengo ya zamani ambayo bado yameezekwa kwa mabati hayo. Bati la asbesto huua mara mbili. Kwanza, huvunjika ghafla chini ya uzito wa mtu. Pili, likivunjwa, likikatwa kwa msumeno au likisuguliwa likiwa kavu, hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Nyuzi hizo huingia mapafuni, na ugonjwa huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi, wakati mwajiri wa siku ile hayupo tena.

Tusisahau mengine. Umande wa asubuhi hufanya bati liwe na utelezi kama sabuni. Bati refu mikononi wakati wa upepo ni tanga, humbeba mtu. Bati hilo hilo likigusa waya wa umeme unaopita juu ya duka, huua aliyelishika. Na radi ya alasiri, ambayo sisi wa huku tunaijua vizuri, haimsubiri mtu amalize safu.

KABLA YA KUPANDA

Njia iliyo bora ni kutopanda kabisa. Kama gata laweza kusafishwa kutoka kwenye jukwaa, au bati kubadilishwa kutokea chini, basi na ifanywe hivyo. Kama hapana budi kupanda, haya yawepo kwanza:

1. Paa likaguliwe kutoka ndani ya jengo. Ukiwa chini utaona mwanga unapopita, na utajua mabati ya plastiki yako wapi. Yawekewe alama na yafunikwe kwa mbao imara.

2. Zilazwe mbao za kutembelea, zikikalia papi mbili au zaidi. Bati dhaifu halikanyagwi, hata juu ya misumari. Kutembea juu ya mstari wa misumari ni kama kutembea juu ya kamba.

3. Ukingo uwekewe kizuizi au jukwaa. Isipowezekana, mkanda wa usalama uvaliwe na kamba ifungwe kwenye kenchi iliyo imara, si kwenye gata. Mkanda usiofungwa popote ni pambo.

4. Ngazi isimame juu ya ardhi ngumu na ifungwe juu. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake usogee mita 1 kutoka ukutani. Ncha ipite ukingo wa paa kwa mita 1 hivi, ili mtu apate pa kushika.

5. Asipande mtu peke yake. Awepo wa chini, na ijulikane mapema jinsi ya kumteremsha aliyening'inia. Kuning'inia kwa muda mrefu katika mkanda kwaweza kumuua.

SHERIA ZINASEMA NINI

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 167 mwaka 1988 juu ya usalama katika ujenzi. Kifungu cha 18 chataja wazi kazi ya mapaa: panapokuwa na paa dhaifu, hatua zichukuliwe ili mfanyakazi asilikanyage kwa bahati mbaya na kutumbukia. Mwaka 2022 shirika hilo liliweka usalama kazini kuwa miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi.

Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote mbili zinamtwika mwajiri jukumu la kulinda maisha ya mfanyakazi, na vifaa vya kujikinga havikatwi kwenye mshahara. Sheria ya Uganda inampa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali penye hatari kubwa iliyo karibu. Ile ya Kenya inamkataza mwajiri kumrudisha mtu hapo kabla hatari haijaondolewa.

Wenzetu wengi huvuka mpaka asubuhi kwenda kutafuta kibarua na kurudi jioni. Wajue kwamba kwa kawaida sheria inayotumika ni ya mahali kazi inapofanyika. Mfanyakazi akifa kazini, fidia ya Uganda ni mapato ya miezi 60, na ya Kenya ni mapato ya miezi 96. Uganda, taarifa ya ajali itolewe ndani ya mwezi mmoja. Kenya, mwajiri akishaarifiwa ana siku 7 za kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Basi andikeni tarehe, saa, mahali, majina ya mashahidi na jina la aliyetoa amri.

KAZI YA TAWI

Twajua ugumu wenyewe. Kibarua wa siku moja akisema "sipandi", nyapara huita mwingine aliyesimama langoni. Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachiwa mtu mmoja. Kila tawi lichague mjumbe wa usalama, na lidai kwamba hakuna anayepanda, awe wa kudumu, kibarua au mtu wa mkandarasi, kabla ya mjumbe kukagua paa pamoja na msimamizi. Wote wakikataa pamoja, langoni hapatapatikana wa kuitwa.

Fedha za mbao, kamba na mikanda si nyingi ukizilinganisha na miezi 60 ya fidia, sembuse miaka ya mjane na yatima. Bati lililovuja leo litazibwa kesho. Tunachodai ni kwamba aliyepanda asubuhi ateremke jioni kwa miguu yake mwenyewe.