Marubani wa Kamba na Ujira wa Kikombe cha Chai

Sikuwa na nia ya kuandika habari za ndege. Nilikwenda Luton, Uingereza, kumtazama binti wa dada yangu aliyekuwa amejifungua, na azma yangu ilikuwa kula, kulala na kuamkiana na watu wa kwetu walioko huko. Lakini mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 15, hakuniacha nikapumzika. Jumamosi ya kwanza, saa moja ya asubuhi, aligonga mlango wangu. "Babu, njoo ukaone ndege zisizo na injini." Nikamwambia ndege isiyo na injini kwetu huitwa kishada. Akacheka, akanivika koti la babake, tukatoka.

Mahali penyewe ni chini ya vilima vya Dunstable, si mbali na Luton. Klabu ya hapo, London Gliding Club, ilianzishwa mwaka 1930, na tangu zama hizo watu wake wamekuwa wakiutumia upepo unaopiga ubavu wa kilima ukapanda juu. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Upepo ukikuta kizuizi hupanda, na chenye bawa refu hupanda nao. Fauka ya hayo, siku ya jua ardhi ikishika moto, hewa hupaa kutoka mashambani mfano wa mvuke wa sufuria, na glaida, ndivyo ziitwavyo ndege hizo, huzunguka ndani yake kama mwewe. Rubani hodari aweza kukaa huko saa nyingi bila ya kuchoma hata tone la mafuta.

Shida ni kule kufika juu. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni winchi: mashine iliyowekwa mwisho wa uwanja huikunja kamba ndefu kwa kasi, nayo glaida ikavutwa na kupaa kama kishada kwa muda usiotimia dakika moja. Ya pili ndiyo iliyonishika macho. Ndege ndogo yenye injini hufungwa kamba ya kiasi cha mita 50 au 60, glaida ikafungwa ncha ya pili, zikaondoka pamoja. Zikifika futi 2,000 hivi, yule wa nyuma huvuta kishikio cha rangi ya manjano, kamba ikafunguka, kila mmoja akashika njia yake. Yule wa mbele hurudi chini kumchukua mwingine. Hupanda na kushuka hivyo mara 20 na zaidi kwa siku, na kila anaposhuka hana budi kuangalia asishuke mbio mno, injini iliyochemka isije ikapoa ghafula na kupasuka.

Msomaji asidhani kazi hiyo ni ya kuburura mkokoteni. Yule wa mbele amemwekea amana ya roho yake mtu asiyemwona ila kwa kioo. Mwanafunzi wa nyuma akizembea, glaida yake ikapanda juu kupita kiasi, kamba huuinua mkia wa ndege iliyo mbele na pua yake ikaelekea chini. Mvutaji naye ana kishikio chake cha kuifungua kamba, lakini jambo hili huja kwa sekunde chache. Likitokea karibu na ardhi, hakuna nafasi ya kujiokoa. Watu wamekwishakufa kwa njia hii.

Nilimkuta mvutaji mmoja amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika kikombe, mzee mwenye kadiri ya miaka sabini. Kijana wetu akanijulisha kwake. Baada ya maamkizi nikamwuliza swali la kiandishi, tena lisilo na adabu: "Wakulipa kiasi gani?" Akaniinulia kikombe. "Chai hii," akasema, "na leo ina sukari."

Nilidhani ni mzaha, kumbe ni kweli tupu. Wavutaji wengi wa klabu za Uingereza hawapokei mshahara, na waalimu wengi vile vile. Mwalimu huketi kiti cha nyuma, mwanafunzi kiti cha mbele, aghalabu katika ndege za Kijerumani kama ASK 13, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1966, au ASK 21, iliyofuata mwaka 1979. Huketi hapo kutwa nzima, akirushwa na wanagenzi, akishuka nao kwa kishindo kinachouma mgongo. Kadhalika yeye hutoa ada yake ya uanachama, huenda kwa daktari kupimwa, hurudi masomoni ili cheti chake kisife. Na juu ya yote hayo, siku yenye jua jema na mawingu mazuri, siku ambayo angependa kuichukua glaida yake aende mbali, ndiyo siku ambayo wanafunzi ni wengi kuliko siku zote. Mwalimu mmoja aliniambia kuwa tangu alipofuzu ualimu amefundisha wengi kuruka, na yeye mwenyewe karibu amesahau.

Mambo haya yana asili yake. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwabana Wajerumani katika mambo ya ndege za injini. Vijana wao wakapanda kilima cha Wasserkuppe, na mwaka 1920 wakafanya huko mashindano yao ya kwanza ya ndege zisizo na injini. Walikuwa wanafunzi na mafundi, hawana fedha. Aliyejua alimfunza asiyejua, na kumi walikamata mpira wa kuirushia ndege ili mmoja aruke. Tabia hiyo ikakaa. Hata leo klabu nyingi za Ujerumani humtaka kila mwanachama atoe saa zake za kazi kila mwaka, kupiga msasa mbawa wakati wa baridi au kutengeneza winchi, na asiyezitoa hutoa fedha badala yake.

Jioni, tuliporudi, ndipo nilipousikia upande wa pili wa shilingi hiyo. Mpwa wangu alikuwa jikoni, mtoto begani. "Mjomba, mwulize huyu ameruka muda gani leo." Kijana akatazama chini. Aliruka mara mbili kwa winchi, na safari ya winchi ya mwanafunzi, siku isiyo na hewa ya kumpandisha, ni dakika tano au sita. Alitoka nyumbani saa moja ya asubuhi akarudi saa mbili ya usiku (nalo jua la Juni la huko lilikuwa bado halijatua, na Maghrib iko mbali). Muda mwingine wote aliusukuma mzigo wa wengine: ameshika ncha za mbawa, ameendesha gari la kurudishia kamba, ameandika majina na saa kitabuni.

Nikachukua karatasi tukapiga hesabu. Wanafunzi wengi huhitaji safari 50 au zaidi kabla ya kuachwa warushe peke yao, jambo ambalo Uingereza huruhusiwa kuanzia umri wa miaka 14. Hamsini mara dakika tano si hata saa tano za angani. Lakini kwa mbili za kila Jumamosi, na Jumamosi ngapi za mvua na ukungu, saa tano hizo huweza kula mwaka na ushei. Na kila juma mwalimu ni mwingine, kwa kuwa hujitolea kwa zamu. Huyu amwambia vuta taratibu, wa juma lijalo amwuliza kwa nini wavuta taratibu. "Wasema ni bure," akasema mpwa wangu. "Bure kwa nani?"

Neno hilo lilinikosesha usingizi, kwa sababu lilinirudisha nyumbani. Mwalimu wangu wa chuoni alikuwa akishona kofia. Sisi tukisoma kwa sauti, yeye sindano mkononi, macho kwenye kitambaa, sikio kwetu, na mtu akiteleza herufi moja alirudishwa kabla hajafika mwisho wa aya. Kila Alhamisi tulimpelekea senti chache, na mwenye baba mkata hakupeleka, wala hakuulizwa. Maulamaa wamejadiliana tangu zamani kama mwalimu wa Qur'ani afaa kupokea ujira. Wako waliochukia, na madhehebu yetu ya Kishafii yakaruhusu. Sisi watoto hatukuyajua hayo. Tuliyoyajua ni kwamba msimu wa kofia ulipokuwa mzuri mwalimu alikuwapo kila siku, na ulipokuwa mbaya alikwenda kutafuta vibarua bandarini, nasi tukacheza mpira. Kofia zile ndizo zilizotusomesha, na siku ziliposhindwa, tuliolipa ni sisi.

Ndiyo maana sikuweza kumcheka mpwa wangu, wala sikuweza kumdharau yule mzee wa chai.

Wako walioliona jambo hili. Klabu kubwa kubwa huajiri mwalimu mmoja au wawili, hasa msimu wa joto, wafundishe siku za kazi. Mwanafunzi hulipia juma zima, akaruka mara nyingi kwa siku na mwalimu yule yule, na hupata kwa siku tano alichokuwa akikiokota kwa miezi. Faida ni dhahiri. Lakini mzee mmoja wa klabu nyingine, ambayo sitaitaja, alinisimulia walivyoajiri mwalimu na fitina ikaingia. Wale wa kujitolea walianza kuulizana: ikiwa mwenzetu hulipwa Jumatano kwa kazi ile ile, mimi Jumamosi nimekuwa mjinga? Wawili wakaacha. Ada zikapanda kufidia mshahara, na wanafunzi wakataka huduma kama ya dukani, wasiguse tena kamba wala mbawa. Nikamwuliza, je, waliobaki wakifundisha bure walikuwa waalimu wazuri zaidi? Akafikiri sana. "Baadhi," akasema. "Wengine walikuwa wabaya vile vile, ila huwezi kumfukuza mtu usiyemlipa."

Nalo ni neno la haki, tena husemwa kwa nadra.

Huko Marekani sheria yenyewe imejiingiza. Mwenye leseni ya rubani wa binafsi haruhusiwi kurusha ndege kwa ujira, na wakuu wa anga wameshikilia kwamba hata saa za kuruka ambazo mtu hakuzitolea fedha zaweza kuhesabiwa ujira. Lau ingekomea hapo, klabu nyingi zingekosa wavutaji. Basi ukawekwa mlango: akitimiza masharti, mojawapo likiwa saa 100 akiwa yeye ndiye mkuu wa ndege, aweza kuvuta glaida. Na hapa pana siri ya wavutaji vijana duniani kote. Anayetamani kazi katika mashirika makubwa ahitaji saa nyingi kitabuni mwake, na saa za ndege ni ghali. Kuvuta glaida humpa saa hizo bila ya kufungua mkoba. Kwa hiyo yule kijana mvutaji hupokea ujira mnono, ila hauonekani. Mzee wa ndoo hana haja ya saa. Yeye ndiye hasa anayetoa bure.

Nilipomweleza huyo mzee kuwa neno letu rubani lilikuwa la baharini kabla halijapanda angani, kwamba ndiye aliyejua njia za maji na miamba, alifurahi sana. Nikamweleza pia desturi ya majahazi yetu: baharia hakungojea mshahara wa mwezi, aligawiwa fungu safari ilipokwisha, nahodha mafungu yake, baharia lake, na chombo chenyewe fungu lake. Hakuna aliyeitwa mjinga wala mchoyo. Kila mtu alijua fungu la mwenzake. Akasema klabuni kwao hakuna anayejua fungu la mwenzake, na huenda hapo ndipo penye ugonjwa.

Mimi rai yangu ni hii. Mwalimu wa siku za kazi alipwe, tena asionewe haya, kwani naye ana watoto. Mvutaji anayekusanya saa aambiwe wazi kuwa hizo ndizo malipo yake. Na yule wa kujitolea arudishiwe gharama zake za daktari na masomo, kisha apewe siku moja njema kwa mwezi aruke mwenyewe, mtu asimwite. Mwanafunzi wa muda mrefu asiachwe mikononi mwa waalimu sita. Mchezo huu si wa wazungu peke yao. Hata Kenya, huko Mweiga karibu na Nyeri, umewahi kuwa na klabu yake, na kijana wa kwetu akiutaka hatashindwa na akili, atashindwa na saa na fedha.

Kabla sijasafiri, mpwa wangu alimwambia mwanawe kuwa atamlipia juma moja la mwalimu wa mshahara, wakati wa likizo. Nilidhani ataruka kwa furaha. Akashukuru, kisha akauliza kama juma hilo litaingilia Jumamosi, kwa sababu ameahidi kushika gari la kamba. Mamake akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyemfunza.

Juzi nimempigia simu. Akasema mvua ilinyesha kutwa, hakuna aliyeruka, waliosha ndege na mzee wa ndoo akamfundisha kuunga kamba ya kuvutia. Nikamwambia, shika simu vizuri, nieleze kaungaje. Akaanza kunieleza uzi kwa uzi, nami nikakaa chini.