Kinasaba, Nasaba na Ugonjwa wa Mapigo ya Moyo

Miongoni mwa istilahi zinazohitaji uangalifu wa mfasiri ni "kinasaba". Neno hili limetokana na "nasaba", yaani ukoo, nalo huja na maana mbili zisizokusudiwa. Kwanza, wengi wakisikia nasaba hukumbuka upande wa baba. Pili, mkazi wa Temeke au Kinondoni akiambiwa "kipimo cha vinasaba" aghalabu hufikiria shauri la kumtambua baba wa mtoto, kazi ya Mkemia Mkuu wa Serikali inayosimuliwa sana magazetini.

Tutazame ugonjwa mmoja ambamo maana hizo zaweza kuleta hasara. Kila pigo la moyo huendeshwa na umeme mdogo. Kisha seli za moyo hutoa potasiamu kupitia vijia vyake ili kujiandaa kwa pigo linalofuata. Jeni iitwayo KCNQ1 ndiyo yenye maelekezo ya kujenga baadhi ya vijia hivyo. Ikiwa na kasoro, maandalizi huchelewa, mapigo yaweza kuvurugika, na mgonjwa, pengine kijana akikimbia au kuogelea, huzirai au hata kufa ghafula. Baadhi hudhaniwa kuwa na kifafa.

Nakala moja yenye kasoro yatosha kuleta ugonjwa, ingawa wengine hawaonyeshi dalili. Jeni hiyo imo katika kromosomu ya 11, isiyo ya jinsi. Hivyo baba na mama huweza kuirithisha sawasawa. Nakala zote mbili zikiwa na kasoro, kwa kawaida mtoto huzaliwa kiziwi pia. Mwaka 1957 Jervell na Lange-Nielsen walieleza habari za familia ya Norwei yenye watoto sita: wanne walikuwa viziwi wenye kuzirai, na watatu kati yao walikufa ghafula. Wazazi wao walisikia vizuri.

Basi tukiandika "ugonjwa wa nasaba", jamaa watawapeleka hospitali watoto wa baba mdogo na kuwaacha wa mjomba. Mama naye, akiambiwa vinasaba vya mwanawe vitapimwa, aweza kudhani anatuhumiwa.

Kwa hiyo twapendekeza "jeni" kwa kile kinachorithiwa, na "ugonjwa wa kurithi kwa baba au kwa mama", ingawa ni maneno mengi. Aidha, karatasi ya maelezo itangulize "kipimo cha umeme wa moyo", ambacho ndicho hufanywa kwanza. Istilahi fupi isiyoeleweka haimfai mgonjwa.